Masikio ya Bi Mwanahawa

Kwa muda unaokaribia umri wa mtu mzima niliamini, tena kwa moyo mkunjufu, kwamba rafiki yangu Twaha aliuza masikio ya mama yake ili apate muziki. Sikuamini nusunusu. Niliamini kama ninavyoamini kwamba bahari ina chumvi. Habari yenyewe ilikuwa hivi: kabla ya kuondoka Lindi kwenda Ulaya, Twaha alipanda bara kwa mganga mmoja asiyejulikana jina. Mganga akamwuliza, unataka nini? Akasema, nataka watu mia waufuate mkono wangu. Mganga akamwambia, basi niletee kitu cha damu yako unachokipenda. Ndipo Twaha akatoa masikio ya mama yake, yakafungiwa ndani ya kijiti cheupe, chembamba kama njiti ya kibiriti iliyorefuka, na kijiti hicho ndicho alichokuja kukishika mbele ya Wazungu maisha yake yote. Yeyote aliyenyooshewa kijiti hicho alipiga chombo, awe anajua, awe hajui. Ukimwuliza aliyekusimulia kasikia wapi, alikuwa kasikia kwa fundi cherehani, fundi kwa muuza kahawa, na muuza kahawa kwa mtu aliyekuwa anapita tu. Kwangu ushahidi huo ulitosha na kubaki. Na mimi nimesoma, jamani! Nimemaliza shule ya jioni mjini Lindi, kwa mwanga wa karabai iliyovuta wadudu wote wa kusini mwa nchi hii, na cheti changu kingewekwa makumbusho kama mchwa wasingekiwahi.

Mwaka huu, siku chache baada ya Idi, simu yangu ililia nikiwa sokoni Kilwa Masoko, nikibishana na kijana wa bodaboda aliyedai kwamba mimi ni mzito kuliko abiria wawili. Alikuwa Zuhura, mdogo wake Twaha, anapiga kutoka Rasbura, kule Lindi.

"Shikamoo, kaka Issa."

"Marahaba, mdogo wangu. Mbona sauti hiyo?"

"Twaha ametutoka. Wamemzika huko huko, Waislamu wa huko wamemsitiri vizuri, nimeona picha."

Nikasema yale tunayosema, kwamba sote ni wa Mungu na kwake tunarejea, kisha nikakaa juu ya gunia la mtu bila kuomba ruhusa. Zuhura hakulia. Alikuwa na jambo lake. Ijumaa, baada ya swala, imamu wa Rasbura amekubali kumswalia Twaha swala ya ghaibu, ile anayoswaliwa maiti asiyekuwepo mbele ya watu. "Lakini atauliza, kaka Issa," akasema. "Atauliza, na mimi nitakuwa nyumbani na wanawake. Nani atamjibu?"

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Kwetu, kabla ya kumswalia mtu, imamu huwageukia waliohudhuria akawauliza, mnamjuaje mwenzenu huyu? Na watu hujibu kwa sauti moja: mtu wa kheri. Hata mwizi wa kuku hujibiwa hivyo, na wenye kuku wakiwa safu ya mbele, kwa kuwa kila mmoja anajua kwamba zamu yake ya kuulizwa inakuja. Katika umri wangu wote, na nimezika watu wa kujaza mji, sijawahi kusikia imamu akauliza pakawa kimya. Zuhura aliogopa kimya hicho. Rasbura nzima ilijua habari ya masikio. "Wewe umekula naye sahani moja mwaka mzima," akaniambia. "Njoo umjibie." Nikamwambia nitakuja. Sikumwambia kwamba nami nilikuwa mmoja wa walioijua habari hiyo.

Mwaka wenyewe ni ule nilioshuka kutoka Kitomanga kuja Lindi kusoma. Mchana nilibeba magunia ya korosho, na nilikuwa na nguvu za kulibeba ghala lenyewe pamoja na mlinzi wake. Jioni nilikaa darasani mgongo ukiwaka. Nilipata malazi Rasbura kwa Bi Mwanahawa, mjane aliyeuza mikate ya kumimina, mama wa watoto wawili: Twaha wa rika langu, na Zuhura aliyekuwa bado anang'oka meno ya utoto. Mimi na Twaha tulilala chumba cha uani. Kulikuwa na kitanda kimoja cha kamba kilichopinda katikati, hata tukawa tunaamka tumegongana vichwa, na ukutani, juu kabisa ya uso wangu, dufu kubwa limetundikwa kwenye msumari ambao sikuuamini hata siku moja. Chakula tulikula uani kwenye mkeka. Bado nina ladha yake mdomoni: bada, yaani ugali wa muhogo, jeupe, linalovutika, na pweza wa nazi aliyepikwa mpaka akasahau kwamba aliwahi kuwa na mifupa, kama ana mifupa. Msimu wa korosho changa tulipikiwa korosho kwa tui zito, nami nilikula mpaka Bi Mwanahawa akasimama mlangoni kunitazama, kama watu wanavyotazama moto wa jirani.

Alikuwa mwanamke mzuri wa sura na mzuri zaidi wa salamu. Hilo la salamu nalisisitiza. Salamu zetu za pwani zina mpango wake, mtu hazirukii tu. Umeamkaje, salama. Watoto, wazima. Nyumbani, kwema. Hali, alhamdulillahi. Bi Mwanahawa alizijibu kama anayesoma aya aliyoihifadhi, hakuwahi kukosea mahali, hakuwahi kuchelewa, na muda wote alikutazama usoni, hasa mdomoni, kama anayetaka kukulisha. Nilijiona napendwa kuliko wapangaji wote wa dunia. Kitu kimoja tu kilinishangaza: akishakupa mgongo, hata ungempigia kelele kwamba jiko linawaka, hakujibu. Nikasema, haya ndiyo maringo ya watu wa mjini, sisi wa Kitomanga hatutayaweza. Hodi yake nayo iliitikiwa na watoto. Mtu akisema hodi, ama Twaha ama Zuhura alisema karibu, kisha akapita karibu na mama yao na kumgusa bega.

Na mgeni akishakaa, Twaha alisimama nyuma yake, kwenye mlango wa jiko, akaanza mambo yake ya mikono. Sijui niyaeleze vipi. Kiganja kinashuka taratibu, vidole vinafunguka, mkono wa kushoto unakwenda kifuani, wa kulia unakata hewa na kusimama. Mgeni anasimulia msiba wa shemeji yake, na nyuma yake huyu bwana anapunga.

"We Twaha," nilimwambia siku moja tukinawa, "unafukuza nzi?"

"Nafanya mazoezi."

"Ya nini?"

"Ya Alhamisi. Na wewe punguza tonge, hilo ni la watu watatu."

Alhamisi, baada ya alasiri, ndiyo ilikuwa siku ya madrasa kufanya mazoezi ya kasida, na Twaha ndiye aliyekuwa kiongozi. Vijana wanapiga magoti safu mbili, wenye dufu mbele, waitikiaji nyuma. Viongozi wote niliowaona kabla yake na baada yake walikaa ndani ya safu, wakawaongoza wenzao kwa sauti. Twaha hakuimba kabisa. Alitoka mbele, akawageukia vijana, akawapa wageni mgongo, na kila alichokitaka akakionyesha kwa mikono. Akikunja vidole, madufu yalizama mpaka ukasikia nguo zikisuguana. Akifungua kifua, sauti ilipanda na bati la madrasa likanyanyuka, nalisema kwa kiapo, likanyanyuka na kurudi. Nimesikia mengi tangu hapo, redio na maspika ya harusi, lakini kile kitu cha vijana thelathini kupumua pamoja kwa sababu kidole cha mtu mmoja kimesogea, sijakisikia tena. Wazee hawakupendezwa. Siku ya maulidi yenyewe, Mzee Bakari, jirani yetu, alishindwa kuvumilia.

"Kijana," akasema mbele za watu, "sheikh umempa mgongo, wageni umewapa mgongo, mimi nikupaye maji ya kisima changu umenipa mgongo. Unamwimbia nani, ukuta?"

"Samahani, babu," Twaha akamjibu. "Wageni wanasikia. Hawa ndio wanaohitaji kuona."

Watu wakacheka, Mzee Bakari mwenyewe akacheka baadaye, kwenye pilau. Upande wa wanawake, mbele, pembeni kabisa, mahali ambapo hakuna mtu angependa kukaa kwa kuwa jua la jioni linapiga machoni, alikaa Bi Mwanahawa. Kila maulidi alikaa hapo hapo. Hata nyumbani, Twaha alipokuwa akijaribu kasida mpya, mama yake aliacha vyombo akaja kukaa karibu naye, akaweka kiganja chake juu ya ngozi ya dufu na kufumba macho. Nilidhani analiombea dua.

Maulidi hayo ndiyo aliyoyahudhuria Mama Bomba. Huyu alikuwa mama wa Kizungu wa mradi wa maji, ndiyo sababu ya jina, na kwao aliwahi kupiga fidla. Alikuja kwa heshima tu, kitambaa kichwani, akakaa na wanawake. Kasida ya tatu haijaisha, analia. Alilia kwa wingi ambao kama ungeelekezwa vizuri, mradi ungekamilika mwaka ule ule. Baadaye akamwita Twaha pembeni, mimi nikiwa naye, akamwuliza kwa Kiswahili chake cha polepole: "Nani amekufundisha mikono hii?" Twaha akatazama chini, halafu akatazama upande wa wanawake, akasema, "Nyumbani." Mama Bomba akadhani hakuelewa swali.

Alirekodi kanda, akaandika huku na huku, na mwaka haujaisha Twaha alikuwa amepata nafasi kwenye chuo cha muziki Ulaya. Siku ya kuondoka, Bi Mwanahawa hakumkumbatia mwanawe kama wamama wengine. Alimshika viganja viwili, akavikunja kimoja baada ya kingine, kama anayefunga madirisha ya nyumba. Nami Twaha aliniaga kwa maneno ambayo sikuyaelewa. "Issa, mama akiwa na mgeni, usikae nyuma yake. Kaa mahali anapokuona." Nikaitii amri. Wiki nzima nilikaa uani mbele ya Bi Mwanahawa kama sanamu, mikono mapajani, sijui ninachotakiwa kufanya, naye ananitazama, ananingojea, kisha anatazama pengine.

Juma lilipokwisha, asubuhi moja Zuhura akiwa madrasani, aliingia Bi Rukia, mke wa Mzee Bakari. Alikuwa amejifunika khanga mpaka puani, macho tu yako nje. Akasema kutoka ndani ya khanga, "Bi Mwanahawa, mume wangu kafariki alfajiri."

"Alhamdulillahi," Bi Mwanahawa akajibu, kwa uso wake ule mzuri. "Wazima wote. Na kwako?"

Bi Rukia alishusha khanga. Akasema tena. Safari hii Bi Mwanahawa aliona mdomo, akaelewa, akapiga ukunga na kumwangukia mwenzake. Lakini lililoshatoka lilikuwa limetoka. Msibani wanawake walimpitia nyuma, wakapiga makofi kisogoni pake. Hakugeuka. Na hesabu ilikuwa rahisi, hata mtoto wa darasa la kwanza angeipata: mwana yupo, masikio yapo, mwana kaondoka, masikio hayapo. Ilibaki kumtafuta mganga tu, naye alipatikana kabla hatujamaliza hitima. Bi Mwanahawa hakujitetea. Alizidi kuuza mikate yake, na kila aliyenunua alimtazama pembeni mwa uso, mahali masikio yalipo. Mitihani ikaisha, nikapata kazi Kilwa, nikahamia huko, na ile habari nikaibeba na kuinenepesha njiani.

Ya Ulaya tuliyapata vipande vipande. Tuliposikia kwanza kwamba amekuwa kondakta, Kilwa tulisikitika: mtu kavuka bahari zote kwenda kukata tiketi! Baadaye Zuhura akanifafanulia. Miaka ya mwanzo alisoma mchana na jioni akapiga deki kwenye jumba la opera, yaani nyumba ambamo watu huigiza hadithi nzima kwa kuimba, hawazungumzi hata kuombana chumvi. Kutoka kwenye deki akapanda kuwapigia waimbaji piano wakati wa mazoezi. Halafu siku ya onyesho kiongozi mkuu akaugua ghafla, na Twaha akasimamishwa mahali pake, kwa koti la kuazima lililombana mabega. Hakushuka tena. Mji ule ukamwita, na mji mwingine, akavuka bahari nyingine, akapewa okestra za watu mia na nishani za kuvaa shingoni. Magazeti ya huko yalimsifu kwa jambo moja la ajabu, kwamba kwenye mazoezi hasemi. Viongozi wengine huhubiri. Yeye huwatazama wapigaji mmoja mmoja, anaonyesha, wanaelewa. Binti yangu aliwahi kunitolea picha zake kwenye simu, nikawaita majirani wote. Mwanamke mmoja alikuwa amechomwa kisu na bado akaimba, kwa muda wa kutosha kumfikisha hospitali. Chini yake, kwenye shimo la wapiga vyombo, yuko Twaha, kichwa cheupe, amewapa watu mgongo. Majumba ya dhahabu, watu wamevaa kama wanakwenda kuolewa, wote wamepewa mgongo na wameshukuru! Nikaiona mikono. Kiganja kinashuka, vidole vinafunguka, wa kushoto unakwenda kifuani. "Hicho hapo kijiti," jirani yangu akanong'ona, na watu wote chumbani wakasogea nyuma kidogo, nami nikiwemo.

Bi Mwanahawa alipofariki, Twaha alirudi. Maiti hatuiweki, kwa hiyo alikuta kaburi. Alikaa Rasbura siku za matanga, kwenye jamvi la wanaume, na wanaume wakawa wanakuja, wanampa mkono wa haraka, wanaondoka na shughuli zao. Mtu ambaye mbele yake walikaa watu mia kwa amri ya kidole alikaa kwenye jamvi peke yake na birika la chai. Haya nilihadithiwa. Mimi nilikuwa Kilwa, nilisema kazi zimenibana.

Ijumaa nilifika Rasbura mapema. Msikiti ulijaa, maana Ijumaa hujaa yenyewe. Swala ilipokwisha imamu, kijana mpole ambaye hakuwa amezaliwa Twaha alipoondoka, akasimama akasema kuna ndugu yetu amefia mbali. Akataja jina. Baadhi ya watu wakaanza kutafuta viatu. Akauliza, "Mnamjuaje mwenzenu huyu?"

Pakawa kimya. Nilisikia feni. Nilisikia mtu akikohoa kwa makusudi, ili aonekane ana sababu ya kutojibu. Nami ambaye husema sana, niliyewahi kuwachekesha wafiwa makaburini, nilitafuta sauti nikaikosa, na nilipoipata ilitoka nyembamba kama ya mtoto. "Mtu wa kheri," nikasema. Imamu akangoja. Nikasema tena, kwa nguvu, "Nimekula kwao mwaka mzima. Mtu wa kheri." Mzee mmoja nyuma, nadhani aliwahi kuwa mwitikiaji kwenye ile safu ya pili, akaitikia. Kisha wengine, mmojammoja, bila sauti kukutana. Tuliobaki hatukufika hata safu tatu. Tukamswalia.

Zuhura alinitengea chakula uani pale pale. Sasa ni bibi, ana uso wa mama yake. Nilimwambia kaka yake amejibiwa, akafunika macho kwa kiganja. Nikaona nimfariji zaidi. Nilikuwa nimeshiba, nilikuwa nimetenda jema, na ulimi ulikuwa umenirudia.

"Usiwe na wasiwasi, mdogo wangu," nikasema. "Yale ya masikio yalishapita. Ujana una mambo. Sisi tumeshamsamehe."

Akaondoa kiganja usoni.

"Mmemsamehe nini, kaka Issa?"

Nikaanza kutafuna maneno. Akaninyooshea mkono ninyamaze, akasema bila hasira, kama anayemweleza mgeni njia:

"Mama aliugua homa ya uzazi alipomzaa Twaha. Masikio yaliondoka wiki ile ile. Mimi nimezaliwa nimemkuta hivyo, na sote tulikuwa tukimsemea kwa mikono. Alificha miaka yote ile kwa sababu moja tu, watu wasije wakasema mtoto ndiye aliyeyachukua."